Kingalawa kinachokwenda: mwongozo kamili wa kuchonga ngalawa ya kuchezea

Madukani Mji Mkongwe na Lamu kumejaa vingalawa vya kupanga kabatini. Vimeng'arishwa kwa vanishi, tanga limegandishwa kwa gundi, mlingoti umesimama wima. Kitie kimoja majini: kitalala ubavu kabla upepo haujakifikia. Mtoto wa Nungwi au Matondoni, aliyekulia panapoundwa vyombo vya kweli, hana haja nacho. Chake kakichonga mwenyewe au kachongewa na mjomba wake, kimefungwa kwa uzi wa nyavu, tanga ni kipande cha kanga kuukuu, na maji yakitoka anakipeleka dimbwini kushindana na wenzake.

Mwongozo huu ni wa hicho cha pili. Vifaa ni vya kawaida vya seremala, na ukiondoa muda wa kukausha mti, kazi yenyewe ni ya siku chache za mapumziko. Ila ukubali tangu sasa kwamba anayeamua umbo ni maji na upepo. Rangi, jina na macho ya omoni (mbele ya chombo) vina zamu yao, nayo ni ya mwisho kabisa.

Vipimo

Ngalawa ni mtumbwi mwembamba wenye mirengu miwili, yaani mbao za kuelea pembeni, mmoja kila upande. Mirengu ndiyo inayouwezesha mtumbwi uwe mwembamba kiasi kile na bado ubebe tanga kubwa bila kupinduka. Ufundi huu wa kuupa mtumbwi mbawa tunashirikiana na Wakomoro, Wamalagasi na watu wa visiwa vya Indonesia.

Kwa mtoto wa miaka saba hadi kumi na mbili, vipimo hivi vinafaa:

- mtumbwi: urefu sm 45, upana sm 6, kina sm 7
- miti miwili ya kukatiza: kila mmoja sm 44
- mirengu miwili: urefu sm 30, upana sm 4, unene milimita 12
- mlingoti: sm 30
- foromali (mti unaobeba tanga): sm 42
- tanga: pembetatu ya sm 40 kwenye foromali, sm 32 upande wa nyuma, sm 30 chini

Ukitaka kikubwa zaidi, zidisha vyote kwa kiwango kimoja. Usiongeze tanga peke yake. Watu wengi hupenda tanga kubwa kwa sababu linapendeza, kisha wanashangaa chombo kinapiga mbizi kila upepo unapoongezeka.

Mti

Mwembe ndio chaguo langu la kwanza, na ndio unaochongewa ngalawa nyingi za kweli. Unapatikana karibu kila mtaa, hasa tawi nene linapokatwa kupisha nyaya za umeme au ukuta wa jirani. Ukiwa mbichi unachongeka kwa raha. Una aibu mbili: utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo vaa mikono mirefu na usijipanguse uso, na ukiachwa na maganda yake nje ya nyumba, wadudu huubungua haraka. Umenye maganda siku ileile.

Mfenesi nao ni mzuri, una rangi ya manjano inayopendeza bila kupakwa chochote. Msufi ni mwepesi mno na patasi inapita bila kazi, lakini hunyonya maji. Mtumbwi wa msufi utaanza vizuri asubuhi na kufikia adhuhuri umelowa na kulemaa. Uweke kwa ajili ya mirengu, ambako wepesi ni faida na ni rahisi kubadilisha.

Mpingo usifikirie kabisa. Ni mti wa vinyago vya Wamakonde, na majini unazama. Mwarobaini, ambao wachongaji wengi wa Kenya wameugeukia ili kuupumzisha mti wa muhugu, unatoa twiga na viboko wazuri sana, lakini kwa ukuta mwembamba wa mtumbwi ni mgumu na mzito bila sababu.

Tafuta gogo lenye kipenyo cha sm 20 hivi na urefu wa sm 55. Sentimita tano za kila ncha ni za kupoteza, maana ncha ndizo zinazopasuka wakati wa kukauka. Angalia nyuzi za mti kwenye maganda: zikienda zimepindapinda kuzunguka gogo, liache. Fundo moja dogo si neno, mradi lisiangukie ukingoni.

Vifaa

Shoka dogo, tezo (kishoka cha kuchongea chenye makali yaliyokingama na mpini), patasi mbili (moja bapa ya sm 2, moja ya mviringo), kisu kikali, tupa ya mbao, keekee au drili ya mkono, msasa. Wasio na tezo wanaweza kufanya kazi yote kwa patasi na kisu, itachukua muda zaidi tu. Mashine ya kusaga ya umeme inaharakisha nje ya mtumbwi, lakini ndani inaingia kwa pupa na ukuta unatoboka kabla hujajua.

Noa kwanza. Patasi butu ndiyo inayokata vidole, kwa sababu inakulazimisha kusukuma kwa nguvu. Mtoto asishike tezo wala patasi. Kazi zake ni kupiga msasa, kufunga, kushona tanga na kupaka, na hizo si chache.

Kupasua na kuchonga kwa mara ya kwanza

Pasua gogo katikati kabisa, shoka lipite kwenye kiini. Hii ndiyo hatua inayoamua kama chombo kitapasuka au la: mti wenye kiini ndani yake ukikauka lazima ufunguke mahali fulani. Chukua nusu moja, na uchonge sm moja na nusu kutoka upande bapa hadi kiini kiishe. Upande huo bapa utakuwa mdomo wa mtumbwi, na upande wa maganda utakuwa tumbo.

Sasa toa pande la sm 8 kwa 8, kubwa kidogo kuliko kipimo cha mwisho. Lifukue kati bila kujali uzuri, ukiacha kuta za sm 2 au zaidi. Lengo ni kuuwezesha mti ukauke kwa ndani na kwa nje pamoja. Paka ncha zote mbili nta au rangi ya mafuta, lifunge kwenye gunia na uliweke kivulini ndani ya nyumba. Jua ni adui hapa. Usiliweke juu ya bati wala karibu na jiko.

Kujua limekauka, lipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki na uandike. Uzito unapokoma kushuka, mti uko tayari. Kwa unene huu mara nyingi ni wiki nne hadi sita. Msimu wa masika ongeza. Wakati huo shona tanga na utengeneze mirengu.

Umbo la nje

Sawazisha mdomo kwa randa au tupa mpaka ukae bapa juu ya meza. Nyosha uzi uliopakwa masizi kutoka ncha hadi ncha, uuvute juu na kuuachia: utapata mstari wa katikati ulionyooka kuliko wowote wa rula. Rudia upande wa chini, na hakikisha mistari yote miwili inakutana kwenye ncha.

Kata kiolezo cha nusu ya mtumbwi kwenye kadibodi. Kiweke upande mmoja wa mstari, chora, kigeuze, chora upande wa pili. Sehemu pana kuliko zote isiwe katikati kamili bali mbele yake kidogo, kama sm 20 kutoka omo. Omo iwe kali na iinuke mbele. Tezi, yaani nyuma, iwe kali pia lakini isimame zaidi, kwa kuwa hapo utakaa usukani.

Chonga kila mara kutoka kwenye upana kuelekea ncha, kamwe si kinyume chake. Ukienda kinyume, kisu kinaingia chini ya nyuzi na kung'oa kipande. Tumbo liwe la mviringo, mbavu zikaribie kusimama wima. Chini kabisa, juu ya mstari wa katikati, acha mgongo mwembamba wa milimita tano kutoka mbele hadi nyuma. Ni mkuku mdogo, lakini bila huo chombo kitasukumwa kando na upepo badala ya kwenda mbele.

Funga macho, pitisha viganja pande zote mbili kwa pamoja. Mkono unahisi tofauti ya milimita moja ambayo jicho halioni.

Kufukua ndani

Hapa ndipo vingi huharibika, na kuna njia ya kujikinga. Toboa vitundu vidogo kutoka nje kuingia ndani: kwenye tumbo vya kina cha milimita 12, kwenye mbavu milimita 8. Zungushia keekee uzi kwenye alama ya kina hicho, ukome uzi unapogusa mti. Vitundu kumi na viwili vinatosha, vikipishana kwa sm 8 hivi. Kata vijiti vya mwanzi vya unene uleule, vichovye kwenye wino au maji ya manjano, na uvigonge ndani ya vitundu mpaka vifike mwisho. Kata vinavyobaki nje.

Anza kufukua kwa patasi ya mviringo, kutoka kati kwenda kwenye ncha. Chukua vipande vyembamba. Rangi ya kijiti ikijitokeza ndani, umefika: sehemu ile iache, nenda nyingine. Vijiti vyote vikionekana, unene uko sawasawa kila mahali bila kupima hata mara moja. Vijiti vitabaki humo humo. Vikilowa huvimba na kuziba vitundu vyao.

Karibu na omo na tezi acha mti mzima wa sm 3. Hapo ndipo nyuzi zilipokatwa na ndipo kunapoanza nyufa.

Tengeneza kibao cha kukatiza ndani, sm 17 kutoka omo, chenye tundu la mlingoti, na chini yake uchimbe kishimo kidogo cha kupokea kitako chake. Usichimbe zaidi ya milimita tano. Kishimo kiwe nyuma kidogo ya tundu ili mlingoti ulale mbele kidogo, kama ilivyo kwenye vyombo vya pwani.

Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 240. Ndani inatosha 80. Hakuna anayeangalia, na nta inashika vizuri zaidi pakiwa na mikwaruzo.

Mirengu

Mrengu si gogo la kuelea tu. Ni ubao unaoteleza juu ya maji, na namna unavyokaa ni muhimu kuliko ukubwa wake. Chonga kila mmoja kwenye msufi, pua ya mbele iinuke juu kidogo, kingo ziviringwe.

Miti ya kukatiza iwe ya mwanzi au fito nyembamba. Fito za mkoko ndizo zilizozoeleka, lakini ukataji wa mikoko una masharti yake, na mwanzi unafanya kazi hiyohiyo. Mti wa kwanza ukae nyuma tu ya mlingoti, wa pili sm 15 nyuma yake. Chonga mapengo mafupi ukingoni ili isiteleze, na utoboe vitundu viwili chini ya kila pengo kwa ajili ya kufungia.

Kwenye ncha za miti hiyo funga vijiti vinavyoshuka kama sm 4, na mrengu uchomekwe chini yake. Ukingo wake wa nje uwe juu kuliko wa ndani. Chombo kikilala upande mmoja, mrengu ulio upande huo unasukuma maji kwa tumbo lake na kuinuka. Ukiuweka kinyume, ukingo wa nje unazama kwanza na kuvuta chombo kizima chini.

Funga kwa uzi wa pamba au wa katani, usipigilie msumari. Msumari kwenye ukuta wa milimita nane ni ufa unaosubiri siku yake, halafu miti inatakiwa icheze kidogo mawimbi yanapopita. Lowesha uzi kwanza, zungusha mara nne kati ya mti na ukingo, kisha pitisha mara mbili kwa kukata mizunguko ile katikati na ukaze. Mtepe wa zamani, uliosafiri pwani hii yote, ulishonwa kwa kamba za usumba wa nazi bila msumari hata mmoja, kingalawa kitamudu.

Kuzuia maji

Vyombo vikubwa tumbo hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na mbao hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Kwa kitu kitakachoingia chumbani kwa mtoto, harufu ile haifai. Tumia nta ya nyuki sehemu moja kwa mafuta ya kitani sehemu tatu. Weka kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Paka ikiwa ya moto, acha nusu saa, futa inayozidi. Rudia baada ya siku mbili. Kitambaa ulichofutia kitandaze nje kikauke, usikikunje na kukitupa kwenye pipa, kwa sababu mafuta hayo yakikauka hutoa joto na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe.

Mafuta ya kupikia hayakauki. Yatabaki yakinata na kuchacha.

Tanga

Kitambaa chepesi cha marekani au kanga iliyofuliwa sana ni bora kuliko nailoni ngumu. Kata ili uzi ulionyooka wa kitambaa uende sambamba na upande wa nyuma, ule wa sm 32 usioshikwa na mti wowote. Ukiukata mshazari, utavutika na kupepea. Pinda kingo, shona, kisha lishike tanga kwenye foromali kwa mishono ya kila sm 3.

Foromali ifungwe kwenye kichwa cha mlingoti, ikigawanyika sehemu mbili mbele na tatu nyuma. Ncha ya mbele ishuke na kufungwa karibu na omo. Kwenye pembe ya tatu funga demani, uzi wa sm 40 utakaofungwa nyuma, kwa fundo la kufunguka kwa kuvuta, kwani utalirekebisha mara nyingi.

Usukani ni kibao cha sm 5 kwa 3 kilichobanwa kwenye mkato tezini. Kikaze kiasi cha kugeuzwa kwa mkono na kubaki kilipowekwa.

Majini

Anza bila tanga, kwenye beseni kubwa. Mirengu yote miwili iguse maji kidogo tu. Ukizama mmoja, legeza kamba za upande huo na kuupandisha. Omo iwe juu kidogo kuliko tezi. Kama imezama, weka changarawe nyuma mpaka ikae, na usizigandishe.

Sasa nenda dimbwini maji yakiwa yametoka, siku ya upepo mwanana. Upepo ukiwa unavuma kwenda baharini, funga uzi wa nyavu tezini au uahirishe. Hakuna kingalawa kinachostahili mtoto kukifuata majini.

Kiachie upepo ukitoka ubavuni na ukitazame kikienda. Kikigeuza omo kuelekea upepo na kusimama, tanga liko nyuma mno: legeza demani kwanza, bado, telezesha foromali mbele sm moja, bado, ongeza changarawe nyuma kidogo. Kikiukimbia upepo na kuzunguka, fanya kinyume chake. Demani ikazwe mpaka kitambaa kiache kupepea, basi. Kuikaza zaidi hakuongezi mwendo, kunakilaza tu. Usukani uguse mwisho, kwa kunyoosha makosa madogo. Ukilazimika kuugeuza sana, tatizo liko kwenye tanga.

Kubadilisha kitu zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja ndiyo njia ya kukaa dimbwini mpaka maji yajae bila kujua kilichosaidia ni nini.

Usitarajie kibishe. Kwenda kinyume cha upepo kunahitaji nahodha wa kugeuza foromali, na huyu hana nahodha. Kikienda sawa upepo ukiwa ubavuni au nyuma kidogo, kimefaulu.

Kupamba na kutunza

Sasa paka. Mstari mweupe ukingoni, macho mawili omoni, jina. Rangi iwe isiyo na risasi, iandikwe hivyo kwenye kopo. Watoto walio chini ya miaka mitatu wasipewe: nyuzi ndefu na vijiti si vya umri wao.

Kila baada ya maji ya chumvi kisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na ukianike kivulini, tanga likiwa limelegezwa. Uzi ukilegea, lowesha na ukaze kabla ya kuukata na kufunga upya. Ufa ukitokea, subiri mtumbwi ukauke kabisa, sokota pamba na nta ya moto, uijaze kwa ncha ya kisu kutoka ndani, kisha pitisha kijiko cha moto juu yake. Kama ufa unaendelea kurefuka, toboa tundu dogo mwisho wake kabla ya kuuziba; utakomea hapo.

Mirengu ya msufi ikishaanza kuwa mizito, chonga mingine. Hutengenezwa kwa mchana mmoja, na hiyo mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kuanza nayo kushika kisu, wewe ukiwa umekaa pembeni yake.